Kijana Aliyeonekana kwenye Damu ya Mdogo Wangu

Nilimtangaza mpwa wangu wa kiume kijiji chetu kizima cha Kalenga wakati mama yake hata gauni pana hajaanza kuvaa. Watu husema jambo la tumboni halitangazwi. Mimi nilitangaza, na ukiniuliza leo kama najuta nitakwambia sijutii hata kidogo.

Ilikuwa asubuhi, zamu yangu ya maji. Nalima nyanya kando ya Ruaha Mdogo, na siku ya zamu huachi mfereji kwa sababu ya simu, maana ukigeuka tu jirani kashayahamishia maji kwake. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena, ikakatika, ikaita mara ya tatu. Nikatazama. Alikuwa mdogo wangu, dada yangu pekee, aliyeolewa Mbeya na anakaa Ilomba. Nikapokea kwa mikono ya matope.

"Kaka, majibu yamerudi."

"Yanasemaje?"

"Mtoto hana shida. Yale magonjwa wanayopima, yote wameandika hatari ni ndogo. Halafu kaka..." Akanyamaza kidogo, kusudi, kwa sababu ananijua. "Ni wa kiume."

Nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeumwa na nyoka. Jirani alitumia nafasi hiyo kuyachukua maji. Nikamwacha ayachukue! Siku nyingine yoyote tungefikishana kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nieleze kwanza kwa nini kelele zilikuwa kubwa vile, maana si kwamba napenda wavulana kuliko wasichana. Nina mabinti watatu na wote wananiendesha. Nilipiga kelele kwa sababu miaka saba kabla ya simu ile, figo za mdogo wangu zilikufa zote mbili. Alikuwa amevimba uso hata mama akawa anamtazama kwa kuibia. Tulipimwa ndugu wote tuliofaa kupimwa, na mimi ndiye niliyelingana naye. Tukapelekwa Dar es Salaam, tukalazwa vitanda viwili, na figo yangu moja ikahamia kwake. Mimi nilitoka na kovu ubavuni, yeye akatoka na figo ya mkulima wa nyanya chini ya tumbo, upande wa kulia, na akaanza kukojoa siku ileile. Sijawahi kusikia habari tamu kama ile ya mkojo.

Tuliporudi nyumbani, baba, ambaye sasa ni marehemu, alituita sebuleni. Hakutoa hotuba. Alisema hivi: "Aliyepewa anajua. Aliyetoa anajua. Mungu anajua. Wa nne wa nini?" Kisha akanitazama mimi peke yangu, kwa sababu alijua amezaa mtu wa namna gani, akasema kuanzia siku ile asisikie neno figo likitajwa na mtu yeyote wa nyumba yake. Kitu ukikitaja mara moja ni habari, ukikitaja mara mbili ni masimango. Alikuwa ameona ukoo mzima ukifarakana kwa sababu ya ng'ombe mmoja ambaye mtoaji wake hakuacha kumtaja.

Kwangu mimi adhabu ile ilikuwa kubwa kuliko kisu cha daktari. Mimi ni mtu wa kusema. Nikinunua viatu, mtaa mzima utajua soli ni ya nini. Sasa fikiria nimekaa mnadani, wenzangu wanajisifu, huyu kamsomesha mdogo wake, yule kamjengea dada yake chumba na choo, na mimi nimekaa kimya na kovu linaniwasha! Tenda wema nenda zako, ndivyo wanavyosema. Mimi nilitenda, ila kwenda zangu ndiko kulikonishinda. Hata hivyo nilinyamaza. Mdogo wangu naye alinyamaza. Alipoolewa, mume wake aliambiwa kila kitu, lakini wakweze waliambiwa tu kwamba aliwahi kuugua akapona, na kovu lake likaitwa kovu la kidole tumbo.

Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa changa. Daktari wake wa figo, ambaye humfuata Dodoma kila baada ya miezi michache, alimwambia anaweza kujaribu mara moja tena, lakini baada ya hapo figo isisumbuliwe. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kwa hiyo mimba hii ilikuwa ya mwisho, na sote tulilijua hilo. Ndiyo maana mwalimu mwenzake wa shule anakofundisha alipomwambia kuna kipimo kipya, wanachukua damu ya mama tu, kijichupa kimoja, wanaipeleka nje ya nchi, na majibu yanakuja kueleza vinasaba vya mtoto vikoje bila kumgusa mtoto mwenyewe, hakusubiri. Hakumuuliza daktari wa Dodoma wala wa hospitali kubwa anakohudhuria kliniki. Alikwenda kwenye kliniki moja ya binafsi pale mjini, yeye na mama mkwe wake, akatoa damu.

Majibu ndiyo yale niliyoyapokea mferejini. Kwa wiki tano nilikuwa mtu wa ajabu. Niliwaambia wanaopakia nyanya, niliwaambia wanaosali na mimi kanisani, nilimwambia dereva wa trekta asiyenijua. Mama alisema marehemu baba amerudi, na jina likawa limeshapatikana. Nilikuwa nikiamka asubuhi nacheka peke yangu.

Kisha simu ikaita tena, na safari hii mdogo wangu alikuwa analia.

"Kaka, nimetoka kwenye picha ya ultrasaundi. Mtoto ni wa kike."

Nikacheka. Kweli nilicheka. "Basi mashine moja imekosea. Msichana naye mtu! Unalia nini?"

"Daktari hacheki," akasema. "Amerudia mara tatu. Anasema damu ilionyesha kromosomu ya kiume, na picha inaonyesha mwili wa kike. Anasema inaweza kuwa mtoto ana tatizo, mwili wake haukuifuata damu yake. Anataka niende Dar wiki ijayo, nichomwe sindano tumboni, wavute maji ya kwenye chupa ya uzazi wapime."

"Si wavute tu?"

"Sindano yenyewe inaweza kuitoa mimba, kaka. Si mara nyingi, lakini inaweza. Na nikimpoteza huyu hakuna mwingine."

Mumewe ni dereva wa lori na wiki ile alikuwa Zambia. Kesho yake alfajiri nilipanda basi Iringa. Sikumbuki Mafinga, sikumbuki Makambako. Nakumbuka tu kwamba nilifika Ilomba nikiwa nimegombana na kondakta kwa sababu alisimamisha gari watu wanunue mahindi ya kuchoma. Mdogo wangu alinipokea mlangoni. Alikuwa amekonda mashavu huku tumbo limechomoza. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo na hakuutoa hata aliponisalimia.

Mama mkwe wake alikuwa amepika ndizi sufuria nzima. Ni mama wa Kinyakyusa, mnene, mcheshi, anayekukaribisha chakula kwa amri. "Kula, baba. Mtu hapambani na madaktari na tumbo tupu," akaniambia. Lakini hata yeye alikuwa anaongea huku macho yake yapo kwa mkwewe. Aliniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama kwetu Uheheni kuliwahi kuzaliwa mtoto wa namna hiyo. Nikamwambia hapana, mama. Akasema hata kwao hapana.

Siku iliyofuata tukaenda watatu kwenye ile kliniki ya binafsi. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, na ofisi yake ilikuwa na baridi ya Mbeya mpaka alikuwa amevaa sweta chini ya koti jeupe. Alitueleza upya kila kitu bila haraka. Akafungua jalada ili atuonyeshe majibu, na pamoja na majibu ikatoka nakala ya fomu ambayo mdogo wangu aliijaza siku ya kutoa damu. Daktari alikuwa anatafuta tarehe. Fomu ikalala mezani mbele yangu, na mimi husoma chochote kinachowekwa mbele yangu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea.

Umri. Uzito. Mimba ya ngapi. Je, una uvimbe kwenye kizazi? Hapana. Je, umeongezewa damu hivi karibuni? Hapana. Je, umewahi kuugua saratani? Hapana. Je, umewahi kupandikizwa kiungo chochote cha mwili?

Hapana.

Nililisoma neno lile mara mbili. Sikufikiria vinasaba, sikufikiria kromosomu, sijui lolote kuhusu mambo hayo. Nilichokisikia ni damu ikinipanda kichwani. Miaka saba nimefunga mdomo! Miaka saba nimekaa mnadani kama bubu! Na sasa, kwenye karatasi, mbele ya serikali na mataifa, imeandikwa kwamba sikutoa kitu.

"Hapana?" nikasema. "Umeandika hapana?"

"Kaka," akasema mdogo wangu, taratibu.

"Kwa hiyo mimi nilipasuliwa bure? Hiyo figo unayokojolea kila siku ni ya nani? Umeiokota sokoni?"

Hapo ndipo niliposikia nilichokisema. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mama mkwe wake aligeuka na kiti chake chote akamtazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado hasira ilikuwa haijashuka, vitu vyote viwili vilinijaa kifuani kwa pamoja. Nilikuwa nimemsimanga dada yangu mgonjwa, mjamzito, mbele ya mkwe wake. Kama baba angekuwa hai angeniondoa kwenye ukoo.

Daktari alikuwa ameshika kalamu. Aliiweka chini.

"Kaka, rudia," akasema. "Figo gani?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, bila kuinua uso. "Nina figo ya kupandikizwa. Ni yake."

"Yake yeye? Huyu hapa?" Daktari akanyoosha kidole kwangu kama vile mtoto wa shule anavyoonyesha mnyama kwenye kitabu. "Mwanaume?"

"Sasa wewe dokta unanionaje?" nikasema.

Na yule dada akacheka! Daktari aliyekuwa hacheki kwa siku tatu akaficha uso kwenye viganja akacheka, kisha akaomba msamaha, kisha akasimama, akakaa tena. Akamuuliza mdogo wangu lile kovu si alimwambia ni la kidole tumbo? Mdogo wangu akasema ndivyo tulivyozoea kusema. Akamuuliza tena, na kwenye fomu je, kwa nini hapana? Mdogo wangu akafikiri, akajibu ukweli mtupu: "Sikuwaza hata kudanganya. Kwetu hilo halisemwi. Mkono umeandika wenyewe."

Daktari akavuta karatasi akachora. Nilimwambia anichoree kama mfereji, ndio ninaouelewa, naye akachora mfereji. Akasema damu ya mama mjamzito huwa imebeba vipande vidogo vidogo vya vinasaba vinavyoelea. Vingi ni vya mama mwenyewe. Vingine hutoka kwenye kondo la nyuma, na hivyo ndivyo wanavyovisoma kama vya mtoto. Mashine haioni mtoto. Inakinga maji ya mwisho wa mfereji, yakiwa yameshachanganyika, halafu inakisia kila tone limetoka wapi. Mama akiwa mzima tu, hesabu hukaa sawa. Lakini mama akiwa na uvimbe wa kizazi, au kaongezewa damu karibuni, au ana saratani ambayo hata yeye haijui, au magonjwa fulani ya kinga ya mwili, maji yanaingiliwa. Hata uzito mkubwa wa mama unaweza kuyafanya ya mtoto yawe machache yasisomeke. Na mama akiwa na figo ya mtu mwingine, figo ile nayo inamwaga vipande vyake mle mle, mchana na usiku.

"Dada, wewe na mwanao hamna kromosomu ya kiume hata moja," akasema. "Mashine iliiona ikadhani ni ya mtoto. Ilikuwa ya kaka yako."

Nikasimama. Sikujua nafanya nini, nikasimama tu katikati ya ofisi. Kwa hiyo yule kijana niliyemtangaza Kalenga nzima, niliyemwambia mpaka dereva wa trekta, nilikuwa mimi! Miaka saba nimekatazwa kusema kwamba nimo ndani ya mwili wa mdogo wangu, na damu imesafiri mpaka nje ya nchi, wageni wasionijua wameichungulia, wakaandika kwa Kiingereza kwamba kuna mwanaume humu. Nilitaka kumkumbatia daktari. Nilimkumbatia mama mkwe, ndiye aliyekuwa karibu.

"Kwa hiyo sindano basi?" akauliza mdogo wangu.

"Sindano ya sababu ile, basi," akasema daktari. "Picha inaonyesha msichana kwa sababu ni msichana." Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema kuna mambo mawili lazima ayaseme. La kwanza, karatasi yote imeharibika. Kama kuhusu jinsia ilisoma mchanganyiko, basi hata yale maneno mazuri ya hatari ndogo hayawezi kutegemewa. Hakuwa anasema mtoto ana tatizo, alikuwa anasema kipimo hiki hakimjui. La pili, figo ikikataliwa na mwili huanza kuumia, na ikiumia humwaga vipande vingi zaidi. Inawezekana kabisa kwamba hii haina shida, lakini hatatuacha tuondoke bila kuipima.

Furaha yangu ikakaa chini. Mdogo wangu akapelekwa kutolewa damu na kukojoa kwenye kikopo, na sisi tukaambiwa tusubiri majibu palepale. Tulikaa kwenye benchi la korido, yeye katikati, mimi kulia, mama mkwe kushoto. Mkono wake ulikuwa umerudi tumboni. Ile karatasi ya kwanza alikuwa akilala nayo chini ya mto kwa wiki tano, aliniambia baadaye. Sasa hakuwa na karatasi.

"Umenisimanga, kaka," akasema, akiangalia mbele.

"Nimekusimanga."

"Baba alikukataza."

"Alinikataza. Nisamehe, mdogo wangu. Mdomo huu Mungu aliniumbia bila kufuli."

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote, na kimya cha mama yule ni kitu cha kutisha. Nilijua kinachokuja. Alikuwa ameletewa mkwe mwenye kiungo cha kuazima na hakuambiwa. Akavua kitenge chake cha juu, nikadhani anajiandaa kuondoka. Akamfunika mkwewe mabegani.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema. "Mnaniletea mtu anapigana vita mwenyewe, mimi nampikia ndizi tu, namsukuma abebe ndoo! Ndoo nimekubebesha ngapi?"

"Nyingi, mama," akasema mdogo wangu, na hapo akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Na wewe," akanigeukia. Nikajikunyata. "Ndaga fijo, baba. Asante sana. Umetupa mtu." Akaanza kunishukuru kwa Kinyakyusa kirefu nisichokielewa, huku akipiga makofi madogo, na watu wa koridoni wakageuka kututazama. Miaka saba nilikuwa nimeota kushukuriwa hadharani. Iliponifikia sikujua pa kuweka macho yangu, nikawa najifanya nafunga kamba za viatu.

Majibu yalitoka kabla ya saa nane. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyochuja, ilikuwa palepale ilipokuwa Dodoma mara ya mwisho, na mkojo ulikuwa msafi. Daktari alisema figo iko salama, ila siku hizi mashine zina macho makali, hata vipande vichache vya mwanaume zinaviona. Alimpigia daktari wa hospitali kubwa palepale, akamweleza yote, na wakapanga mdogo wangu arudi kwa picha kubwa ya kuangalia moyo wa mtoto, mgongo, ubongo, kiungo kimoja kimoja. Kuhusu sindano kwa ajili ya yale magonjwa mengine, alimwambia uamuzi ni wake.

Mdogo wangu hakuomba siku ya kufikiri. "Sichomwi," akasema. "Nikiona moyo na mgongo viko sawa, mengine nitayajua akizaliwa."

Nilimpigia mama nikiwa bado mlangoni mwa kliniki, nikimweleza kwa kelele kwamba mvulana wa kwenye majibu nilikuwa mimi. Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Wewe nilishakuzaa mara moja hospitali ya Tosamaganga, na inatosha."

Miezi iliyobaki niliishi kwa kupigiwa simu. Moyo wa mtoto una vyumba vinne: nilipiga kelele. Mgongo umenyooka: nilipiga kelele. Kalenga nilikwenda nyumba kwa nyumba nikirekebisha tangazo langu, na kila nilikoeleza ilibidi nieleze na figo, kwa hiyo siri ya baba ikaisha ndani ya siku mbili. Ajabu ni kwamba nilipokwisha kuwaambia wote, sikuwa na hamu tena ya kumwambia mtu. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa anasema. Mbele ya kila daktari mpya, kabla hajaulizwa, alikuwa anaanza na hilo: nina figo ya kaka yangu, ipo hapa kulia, mkipasua muiangalie.

Na walipasua kweli, wiki ya thelathini na sita, kwa sababu presha yake ilianza kupanda. Tulisimama koridoni watatu: mumewe, mama mkwe na mimi. Shemeji yangu alikuwa anasali. Mimi nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu kila nilichokuwa nacho cha kumwambia. Nilikuwa nasikiliza mlango.

Muuguzi akatoka.

"Mtoto?" nikauliza kabla hajafunga mlango nyuma yake.

"Wa kike. Mzima. Anapumua vizuri, analia kama anagombana."

"Daktari kamwangalia? Mwili mzima kamwangalia? Mikono? Macho?"

"Kila kitu, baba. Mzima kabisa."

"Ana kilo ngapi? Ana nywele?"

"Kilo mbili na nusu. Nywele zipo, za kusuka."

Niliruka! Mtu wa umri wangu, niliruka koridoni mikono juu, nikamnyanyua shemeji yangu ambaye ni mzito kuliko mimi, nikapiga ile kelele ya mferejini, na mlinzi akaja na safari hii hakuniuliza kitu. Tulikuwa tunacheza. Mama mkwe ndiye aliyemshika muuguzi mkono kabla hajarudi ndani.

"Binti, na figo ya mama yake je? Imepona?"

"Inafanya kazi vizuri. Mkojo unatoka."

Nikasimama. Nilikuwa nimeuliza mtoto, nikauliza mikono na macho, nikauliza kilo, nikauliza mpaka nywele, na figo haikunipitia akilini hata mara moja. Ilikuwa imeulizwa na mama wa Kinyakyusa, kama kitu cha nyumbani kwake. Nikajigusa kovu juu ya shati, nikalia mbele za watu bila aibu, maana nadhani siku ile ndipo nilipoitoa kweli figo ile.